Nipishe, Mimi Ndiye Ninayeongoza: Mwongozo wa Kugombana Duarani

Kugombana na mshindani wako si kazi. Hata kuku wawili mbele ya punje moja ya mtama wanaiweza. Ustadi hasa ni kugombana na mtu ambaye hamshindanii kitu: yeye ni wa thelathini na tatu, wewe ni wa kwanza, umeshamwacha mzunguko mzima, na bado kwa sekunde chache mnakitaka kipande kilekile cha lami. Sanaa hii imekomaa Marekani, katika mbio za NASCAR, ambako magari yenye sura ya magari ya dukani na uzito wa kilo 1,500 hivi huzunguka duara, kona zote kushoto, mpaka mmoja apewe kombe na waliobaki wapewe maikrofoni ya kulalamikia.

Mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Mwandishi wake hajawahi kuendesha kitu chenye kasi kuliko pikipiki ya shemeji yake, na siku hiyo alipitwa na muuza mkate wa baiskeli. Kwa hiyo angalau upande mmoja wa jambo hili anaujua vizuri.

Kwanza tukubaliane neno. Dereva ambaye kinara amemfikia kutoka nyuma akampita na kumwacha mzunguko mzima, tutamwita aliyezungukwa. Najua neno hilo mitaani lina maana nyingine, ya kuchezewa nyuma ya mgongo. Nayo itatufaa.

Chagua uwanja mwembamba

Ugomvi mzuri hauoti kila mahali. Daytona, kule Florida, si pa kuanzia: duara lina maili mbili na nusu, kona zimeinuka nyuzi 31, na mtu akitaka kukupisha ana nafasi ya kukupisha wewe na ng'ombe zako. Nenda Martinsville, Virginia, uwanja uliofunguliwa 1947, mwaka mmoja kabla NASCAR yenyewe haijazaliwa. Una umbo la kibanio cha karatasi, nyoofu mbili na kona mbili za kubana. Mzunguko mmoja ni mita 850 hivi, na mashindano yake makubwa kwa miaka mingi yamekuwa ya mizunguko 500. Au nenda Bristol, Tennessee, wenye urefu karibu uleule, ambako mzunguko huliwa kwa sekunde 15 au 16.

Piga hesabu. Mwaka 2015 magari yaliyokuwa yakianza ni 43, kila moja na urefu wa mita tano hivi. Yapange bampa kwa bampa, na robo ya uwanja wa Martinsville imejaa chuma kabla hujaacha hata nafasi ya kupitisha upepo. Katika duara la namna hiyo hakuna mbele wala nyuma. Kinara akiachwa akimbie dakika chache bila kusimamishwa anaanza kuuona mkia wa msafara, na mkia huo ni watu wenye majina, wenye wadhamini waliolipa pesa kubandika rangi zao mlangoni, na wenye wake zao jukwaani.

Kwa wewe unayeongoza

Jambo la kwanza ni kushangaa. Kila ukikuta gari la polepole mbele yako, shangaa kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni. Sahau kwamba asubuhi mlisimama naye kwenye foleni moja. Bonyeza redio uulize, "Anafanya nini huyu?" Juu kabisa ya jukwaa amesimama mtu wako mwenye darubini, ambaye kazi yake ni kuwa macho yako pale kioo kisipofika. Atakujibu kwa sauti ya mlezi, "Anamfukuza wa thelathini na mbili, kaka." Usilikubali jibu hilo. Mtu hawezi kuwa na shughuli zake wakati wewe unaongoza.

Jambo la pili ni bendera. Ipo bendera ya buluu yenye mstari wa manjano wa mshazari, hupeperushiwa yule anayekaribia kupitwa. Katika Formula One bendera ya buluu ni amri, ukiipuuza unaadhibiwa. Katika NASCAR ni kama kadi ya mchango wa harusi: umeletewa, umeiona, mengine ni kati yako na roho yako. Ingekuwa amri, mambo yangeishia kwa karani na faini, na mimi nisingekuwa na la kuandika. Ila kwa kuwa ni ombi, kila anayeongoza hulisoma kama amri, kila aliyezungukwa hulisoma kama ombi, na wiki inayofuata kinara wa leo akiwa yeye ndiye wa thelathini na tatu, hubadilisha miwani bila haya yoyote.

Jambo la tatu, bisha hodi. Hodi ya huku hupigwa kwa bampa ya mbele kwenye bampa ya nyuma. Ya kwanza iwe laini. Ya pili iwe na ujumbe. Ya tatu, mwenye nyumba atajikuta ametazama alikotoka, moshi unamtoka matairini, na wewe utamwambia mwandishi wa habari kwamba ulibisha tu.

Lipo jambo ambalo kinara hapendi kulisema hadharani, nitamsemea. Gari lake, pamoja na uzuri wake wote, halijui kufuata. Likiwa peke yake mbele linapata upepo safi, upepo unaligandamiza chini, matairi yanang'ata lami, kona inakatika. Likikaa nyuma ya gari jingine, hata liwe bovu la kutia huruma, upepo unalifikia ukiwa umeshavurugwa. Pua inakuwa nyepesi. Unakata usukani kushoto na gari linaendelea na safari yake ya kulia, kuelekea ukutani. Ndiyo maana dereva mwenye kasi zaidi kwa nusu sekunde kila mzunguko anaweza kukaa mizunguko sita nyuma ya mtu asiye na chochote. Na wakati huo wa pili anakaribia. Ukimsikia kinara akilia kwenye redio kuhusu aliye mbele yake, ujue kilichomliza kimo kwenye kioo cha nyuma.

Kwa kushangaa, mwalimu wangu ni Joey Logano. Julai 2014, New Hampshire, Logano wa miaka 24 alikuwa katika nafasi ya pili akamkuta Morgan Shepherd wa miaka 72, mzee kuliko dereva yeyote aliyewahi kuanza mashindano ya daraja la juu la NASCAR, akiwa nyuma mizunguko mingi. Wakati wa kupitana gari la mzee likateleza, likamgonga, na siku ya kijana ikaishia hapo. Mbele ya kamera Logano alitaka kujua kama hakuna mtihani wa udereva kwa watu kama hao. NASCAR ikajibu kwamba mzee alikuwa ametimiza masharti yote. Kiko kiwango cha chini cha kasi, ukishuka chini yake unaondolewa, naye hakuwa ameshuka. Shepherd alishinda mbio nne za daraja hilohilo, ya mwisho mwaka 1993, kabla Logano hajatimiza miaka mitatu. Wahenga walikwisha kutuonya tusiwatukane wakunga, na katika mchezo wenye mashindano 36 ya pointi kwa mwaka mmoja, uzazi upo karibu kila Jumapili. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Brad Keselowski, mwenzake Logano wa timu moja, ambaye hakuhusika na lolote.

Kwa wewe uliyezungukwa

Pole. Lakini usikimbilie kupisha, kwanza jua umesimama wapi.

Labda bado hujazungukwa, ila unanusa harufu yake. Wewe ni wa mwisho kati ya walio katika mzunguko mmoja na kinara, na kinara amejaa kwenye kioo chako. Pigana kama simba aliyekatiwa kichaka. Ajali ikitokea popote sasa hivi, bendera ya njano itatoka, msafara wote utajikusanya nyuma ya gari la usalama, na wewe utaunga mkia wa kundi bila kupoteza hata mita. Akikupita sekunde moja kabla ya ajali hiyo, umepoteza mzunguko. Kila kona unayomzuia ni tiketi ya bahati nasibu, na pale Martinsville bahati nasibu hiyo huchezeshwa mara nyingi kwa siku moja. Yeye atasema unamharibia mbio. Mwambie nawe umo kwenye mbio.

Au umeshazungukwa mara moja. Basi ipo sadaka. Tangu 2003, bendera ya njano ikitoka, dereva aliye mbele kuliko wenzake wote waliozungukwa hurudishiwa mzunguko wake bure. Wamarekani humwita mbwa mwenye bahati, wala hakuna anayeona ametukanwa. Sasa utaelewa kwa nini wa ishirini na nne na wa ishirini na tano wanabanana mlango kwa mlango kama wanagombea mirathi. Kinara anafika, anawakuta wameziba njia zote mbili, anadhani wamemfungia yeye. Hawajamwona. Wanagombea mfupa.

Hapa niruhusu nipotee kidogo njiani, maana historia ya sadaka hii inanifurahisha. Zamani mambo yalikuwa ya kiungwana, yaani yalikuwa ya hatari. Bendera ya njano ilipotoka watu waliendelea kukimbizana mpaka mstarini, na kinara mwenye moyo mzuri angeweza kulegeza mguu amwachie aliyezungukwa apite, ajirudishie mzunguko wake. Ilikuwa benki ya siri: leo nakukopesha mzunguko, mwezi ujao nikija nyuma yako utanipisha kabla sijabisha. Wenye tabia njema walikuwa na akiba na wenye midomo walikuwa na madeni. Septemba 2003, New Hampshire hiyohiyo, gari la Dale Jarrett lilipata ajali likazimika njiani, na wenzake wakawa wanakuja kwa kasi yote kuwahi mstari. Walimkosa, lakini kila aliyetazama alishika kichwa. Wiki iliyofuata kukimbilia mstari kulikuwa kumepigwa marufuku, na mzunguko wa fadhila ukawa unagawiwa na ofisi.

Kwa usalama walifanya jambo la lazima. Kwa adabu, mimi nadhani ndipo ilipoanza kupungua. Mtu akishaanza kugawiwa na serikali kile alichokuwa akimwomba jirani, hana tena sababu ya kumwamkia jirani asubuhi.

Turudi kwako. Anayesema "si asogee tu" hajui mahali pa kusogea penyewe. Matairi yanalika, na makombo ya raba hurundikana nje ya njia inayopitwa na wote. Wenyewe huyaita gololi, na ukiyakanyaga utajua kwa nini. Toka njiani umpishe mkubwa, na kabla hujarudi watu wawili waliokuwa nyuma yako wameshaingia pale ulipokuwa. Tangu 2011 karibu kila nafasi imekuwa na thamani ya pointi moja, kwa hiyo heshima yako imekugharimu pointi mbili, na mkubwa hatakurudishia.

Ukiamua kupisha hata hivyo, pisha kama mtu mzima. Chagua upande mapema, toa kidole umwonyeshe apite wapi, kisha ushike upande huo mpaka apite. Karibu kila mkongwe atakwambia hivyo: mwendo wa polepole unasameheka, kubadili mawazo katikati ya kona hakusameheki. Ukiamua kutopisha, andaa sababu kabla ya mbio kuanza. Redio ilikata. Kioo kililegea. Tairi ya kulia mbele ilikuwa na maneno. Usitumie zote siku moja.

Na usidhani kazi ya aliyezungukwa huisha bendera ya mwisho ikipepea. Tarehe 18 Februari 1979, Daytona 500 ilirushwa moja kwa moja na televisheni, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza nchi nzima, na theluji ilikuwa imewafungia ndani watu wengi wa mashariki ya Marekani. Mzunguko wa mwisho Donnie Allison anaongoza, Cale Yarborough wa pili, wote wawili wakiwa walipoteza mizunguko mapema na kuirudisha kwa jasho. Wakagongana, wakaishia kwenye majani ya ndani ya uwanja. Bobby Allison, kaka yake Donnie, aliyekuwa nyuma na hana lake tena, akasimamisha gari kumtazama mdogo wake. Yarborough akamtuhumu kwamba yeye ndiye aliyemzuia njia. Kilichofuata ni ngumi na kofia za kujikinga, mbele ya taifa zima lililokuwa limekaa kwenye makochi. Richard Petty, aliyekuwa mbali nyuma yao, akapita zake akashinda.

Kulipa deni

Mwongozo huu utakuwa pungufu usipogusa kisasi, kwa sababu aliyezungukwa ana silaha ambayo kinara hana: hana cha kupoteza.

Machi 2010, Atlanta, Carl Edwards aliharibikiwa mapema baada ya kugongana na Brad Keselowski. Gari likaingia gereji, mafundi wakalishona, akarudi uwanjani akiwa nyuma zaidi ya mizunguko 150. Isome tena hesabu hiyo polepole. Mtu aliye nyuma mizunguko 150 hatafuti nafasi, anatafuta mtu. Mizunguko michache kabla ya mwisho akampata, Keselowski akiwa miongoni mwa kumi bora, akamgusa nyuma, na gari la Keselowski likapaa hewani mpaka kwenye uzio. Alitoka mzima. Kurt Busch akashinda. Edwards aliwekwa chini ya uangalizi kwa mashindano matatu, basi. Ndivyo ilivyopaswa kuwa: Januari mwaka huohuo wakuu walikuwa wametangaza kwamba sasa madereva waachiwe wamalizane wenyewe, na hapa alikuwa amepatikana mtu wa kuwatii.

Lakini kisasi chenye sifa hutoka kwa mpole. Matt Kenseth, bingwa wa 2003, alikuwa mtu wa maneno machache na vituko vichache zaidi. Oktoba 2015, Kansas, alikuwa anaongoza imebaki mizunguko mitano, akijua asiposhinda ubingwa unaelekea kumponyoka. Nyuma yake alikuwa nani? Joey Logano, ambaye wiki moja kabla alikuwa ameshashinda na kujihakikishia hatua inayofuata ya kuwania ubingwa, hivyo hakuuhitaji ushindi huo. Akabisha hodi. Kenseth akazunguka kama pia, Logano akashinda, na Brian France, mwenyekiti wa NASCAR wakati huo, akausifu mguso ule kwamba ndio mchezo wenyewe. Kenseth akalikunja neno hilo akalitia mfukoni.

Tarehe 1 Novemba, Martinsville. Logano ameongoza mizunguko 207 na yuko mbele. Kenseth ameshapata ajali iliyomhusisha Keselowski, yuleyule mwenzake Logano, na sasa anaendesha gari lililokunjamana, nyuma kwa karibu mizunguko kumi. Kiadabu kazi yake ilikuwa moja tu, kupisha. Alisubiri. Mzunguko wa 454, Logano alipoingia kona ya kwanza, Kenseth aliingia pamoja naye, na badala ya kukata kushoto akamsindikiza mpaka ukutani. Jukwaa lililipuka kwa shangwe utadhani timu ya taifa imefunga bao. Alipoulizwa alieleza kwamba gari lake lilikuwa bovu upande wa mbele na halikukubali kona. Nilikwambia uandae sababu mapema.

Safari hii wakuu hawakusifu. Kenseth alifungiwa mashindano mawili. Alikata rufaa, kufungiwa kukabaki palepale. Logano hakufika fainali ya madereva wanne waliowania ubingwa mwaka huo. Mwaka 2017 ikatungwa kanuni kwamba gari lililopata ajali liwe na dakika tano za kufanyiwa matengenezo kwenye njia ya mafundi, na likisukumwa gereji liwe limeaga siku hiyo. Kwa kanuni ile, taaluma ya Edwards, ya kurudi ukiwa nyuma mizunguko 150, ilifutiwa leseni.

Sasa, kabla hujawasha gari, jua kinachogombewa. Pale Martinsville zawadi inayotafutwa ni saa ndefu ya mbao, ile ya kusimama sakafuni kama mgeni aliyekataa kiti. Siku ile, wakati kinara anatoka kwenye gari lililovunjika na aliyezungukwa anaeleza habari za kona iliyokataa, saa ilichukuliwa na Jeff Gordon, mwenye miaka 44, katika msimu aliotangaza kuwa wa mwisho wake kama dereva wa kudumu. Ulikuwa ushindi wake wa 93, hakupata mwingine baada ya huo, na ilikuwa mara yake ya tisa kushinda pale.